Tope Lililovimba

Nilikuwa fundi wa kukandika tembe, na nilikuwa najisikia. Katika vijiji vya upande wa Buigiri, mtu akimaliza kusimamisha miti ya nyumba yake alinitafuta mimi nije nisiribe kuta na kutandaza udongo juu ya paa. Mvua ikinyesha nilikuwa napita kwenye nyumba nilizokandika, si kwa kumjulia mtu hali, bali nisikie wakisema kwamba humo ndani halidondoki hata tone. Wakinyamaza, niliwauliza. Na muda wote huo paa la nyumba yangu mwenyewe lilikuwa linavuja juu ya kitanda. Jambo hilo tulikuwa tukilizungumza na mke wangu, au tuseme yeye alikuwa akilizungumza na mimi nilikuwa nikitazama pembeni.

Reli ya Mjerumani ilikuwa imeshapita kwetu na kufika Dodoma na kuendelea mbele, ndipo ikaja habari kwamba kwenye kituo kidogo cha jirani anatafutwa mtu anayejua udongo. Sikuuliza udongo wa kufanyia nini. Nilijipaka mafuta, nikavaa nguo yangu ya sherehe, nikaenda kama bwana harusi. Nyapara wa pale alinitazama juu mpaka chini, akanionyesha shimo kubwa lililojaa tope hadi ukingoni.

"Ingia," alisema.

Niliingia na nguo yangu ya sherehe.

Huyo nyapara alikuwa mtu wa Tabora, Mwislamu, mwenye kanzu moja ya Ijumaa na maneno ya siku zote. Ujana wake aliumalizia kwenye misafara, akibeba pembe za ndovu kupita katika nchi yetu, na alikuwa hajatusamehe. "Babu zenu walitutoza hongo tukitaka kunywa maji ya visima vyao," aliniambia siku ile ile, mimi nikiwa ndani ya tope hadi kiunoni. "Nguo, shanga, waya, vyote walichukua. Leo nimerudi na Mzungu kuyachimba mwenyewe, na wewe Mgogo ndiye utakayenikorogea. Koroga, bwana, koroga!"

Sasa nieleze kwa nini shimo lile lilinihusu kuliko lilivyomhusu yeye. Gari la moshi linakunywa maji. Wakati linaletwa tuliambiwa kwamba linakula kuni, tukasema kuni zipo. Habari ya maji hatukuambiwa. Mto wetu ni mto wa mchanga. Maji yake yako chini, na watu huchimba visima ndani ya mchanga huo, kila ukoo na kisima chake, kila kundi la ng'ombe na zamu yake. Watu wa reli walitia pampu yao katikati ya visima hivyo, na kiangazi kilipokaza, pampu ikawa inakunywa kwanza na sisi tunafuata. Visima vikaenda chini. Palipotosha mtu mmoja kuinama na kibuyu, sasa mtu alisimama ndani ya kisima na mwenzake akasimama juu ya mabega yake.

Baba mkwe wangu alikuwa na ng'ombe wengi na maneno machache. Alisema mara moja tu, mbele ya watu, kwamba hali ikibaki hivyo atahamia Haneti kwa ndugu yake, yeye na ng'ombe wake na watu wake wote. Jioni nikamuuliza mke wangu, nikijifanya nauliza kwa mzaha, kama na yeye ni mmoja wa hao watu wote.

"Baba akihama nami nahama," alisema. "Sitakufa kiu kwa ajili ya gari la moshi."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningelala. Tulikuwa hatujapata mtoto, na kwetu mwanamke asiye na mtoto akirudi kwao hakuna kinachomvuta arudi tena. Nilimpenda mke wangu. Naliandika neno hilo wazi hapa kwa sababu wakati ule sikumwambia; nilimwambia tu kwamba nimepata kazi kwenye mtambo wa kuchimbia kisima kirefu cha reli, na kwamba Bwana Mkubwa wa reli ametamka kwamba kisima kipya kikitoa maji, pampu itang'olewa mtoni siku hiyo hiyo. Akasema, haya, tutaona.

Mzungu mwenye mtambo tulimwita Bwana Fundi. Alikuwa mwembamba, mwenye ndevu nyekundu na Kiswahili cha kuamrisha alichojifunza pwani. Mtambo wenyewe ulikuwa miti mitatu mirefu iliyofungwa pamoja juu, na katikati yake mabomba ya chuma yaliyounganishwa moja kwa jingine, yenye meno huko chini. Watu walishika mipini wakazunguka wakiyazungusha, na meno yakatafuna ardhi. Tope langu lilisukumwa kwa pampu ya mkono kupita ndani ya mabomba hadi chini kabisa, likatokea kwenye meno, likapanda tena juu kwa kando ya mabomba likiwa limebeba mawe yaliyosagwa. Likafika juu, likatiririka kwenye mfereji hadi kwenye shimo langu, mchanga ukazama, na tope likatumika tena. Mimi nilidhani kazi ya tope ni kubeba mchanga tu. Bwana Fundi akaona afadhali anielimishe.

"Chini kuna mwamba," alisema. "Chini ya mwamba kuna maji. Maji yamebanwa. Yanataka kutoka. Mke wako anapika kunde. Kifuniko kinarukaruka. Mke wako anafanya nini?"

"Anapunguza kuni, bwana."

"Hapana. Anaweka jiwe juu ya kifuniko!"

"Wangu hupunguza kuni."

Nyapara aligeuka akaangalia mlima. Bwana Fundi akavuta pumzi, akaniambia kwamba katika nchi yao wanawake huweka jiwe, na kwamba tope ni hilo jiwe. Jiwe likiwa jepesi, maji yatapanda kwa nguvu kabla hatujateremsha bomba pana la kushikilia kuta, mchanga utaingia, na shimo litakufa. Jiwe likiwa zito kupita kiasi, tope litajipenyeza kwenye mishipa ya maji na kuiziba, na hapo tena hatutaona tone. Kuta zikishashikiliwa na bomba, ndipo tutalipunguza tope uzito kidogo kidogo, na maji yatapanda yenyewe kwa adabu. Nilitikisa kichwa kwa heshima kubwa. Nilichoelewa ni kwamba Mzungu huyu anakula kunde zilizoungua.

Kipimo chake kilikuwa fimbo iliyoning'inizwa kwa kamba katikati, na makopo mawili yanayolingana, moja kila mwisho. Moja lilikuwa limejazwa changarawe na kufunikwa, na lilikuwa halifunguliwi. Jingine nililijaza tope langu kila asubuhi na kila adhuhuri. Fimbo ikilala sawa, kazi inaendelea. Kopo la tope likipanda, tope ni jepesi, na linatakiwa kuongezwa uzito. Nilicheka moyoni. Tope kupimwa kama chumvi dukani kwa Mhindi! Mimi tope nililijua kwa kiganja: unalichota, unalibana, unageuza mkono chini. Likibaki limeshika, ni tope. Likidondoka, ni mchuzi.

Udongo wa kichuguu niliokuwa nikiukoroga ulifanya kazi vizuri mpaka tulipokaribia ule mwamba, ndipo Bwana Fundi akasema hautoshi tena, uzito unahitajika zaidi. Alikuwa ameona kwenye vijito vyetu ule mchanga mweusi ambao wahunzi huukusanya baada ya mvua wapate chuma. Akataka usagwe uwe unga laini kabisa, maana ukiwa na chembe kubwa utazama, na uchanganywe kwenye tope. Kusaga ni kazi ya wanawake na mawe yao. Na mwanamke aliyesifiwa kwa kusaga unga laini kuliko wote pale kijijini alikuwa mama mkwe wangu.

Kwetu mtu haonani uso kwa uso na mama mkwe wake, wala hazungumzi naye. Akimwona njiani anaingia porini, hata kama pori lenyewe ni la miiba. Nilimweleza Bwana Fundi jambo hili, akasema, "Nenda." Basi nilikwenda, nikasimama nje ya ukuta wa tembe lao, nikaanza kuuambia ukuta kwamba Mzungu anaomba mchanga mweusi usagwe.

"Ewe ukuta," sauti ilijibu kutoka ndani, "mwambie huyo aliyesimama hapo nje kwamba jiwe langu husaga uwele, halijawahi kusaga mto."

Nikauambia ukuta kwamba ni kwa ajili ya maji, na kwamba maji yakipatikana hakuna atakayehama.

"Ewe ukuta," sauti ikasema, "muulize ni nani aliyekukandika, maana una nyufa."

Ni mimi niliyeukandika. Lakini mchanga ulisagwa. Mama mkwe aliwakusanya wanawake wenzake, wakasaga mchana kutwa wakiimba nyimbo ambazo ndani yake mlikuwa na mtu mmoja mvivu wa kutengeneza paa la mkewe, na unga ule ukaja mweusi, laini, mzito mpaka kikapu kidogo kilimsumbua mtu mzima. Tukauchanganya, fimbo ikalala sawa, na Bwana Fundi akasema kwamba sasa mwamba uko karibu kutoboka.

Hapo homa ikamkamata. Alibebwa kwenye hema lake akitetemeka, na kabla hajafunikwa blanketi alitutolea amri: mtambo usimame hadi apone, tope likorogwe kila siku lisigande, na asiongeze mtu kitu chochote.

Nililikoroga. Na kadiri nilivyolikoroga ndivyo lilivyonitia aibu. Lilikuwa limekaa pale jeusi, laini, halishiki kiganjani hata kidogo. Lile lililokuwa limeruka ukingoni lilikauka na kupasuka vipande vipande. Watu walikuwa wanapita wakitazama. Mmoja, ambaye nyumba yake niliikandika, alisimama akasema, "Fundi, hili ni lako?" Alisema hivyo tu, akaenda zake. Sikulala vizuri. Kwetu tope linalopasuka lina dawa yake, na kila mtoto wa Kigogo anaijua: unatia mavi ya ng'ombe. Unatia mabichi, na majivu kidogo, unakanyaga, na ukuta unakaa kama umemeza kuta nyingine.

Ile amri sikuisahau. Niliitafakari sana. Nikaona kwamba "asiongeze mtu kitu" maana yake asiongeze mtu asiyejua. Nikaenda kwenye zizi la baba mkwe nikachukua samadi mbichi, vikapu kwa vikapu, nikaikanyagia humo shimoni huku nikiimba. Nyapara alikuwa amekwenda kusali. Aliporudi akanusa hewa, akasema Ugogo wote unanuka hivyo, akaketi.

Jua la nchi yetu mnalijua. Baada ya siku kadhaa tope langu lilivimba. Lilipanda hadi ukingoni na kutuna katikati, limejaa viputo vidogo vidogo, na nilipolichota na kugeuza mkono lilining'inia kiganjani wala halikudondoka. Sijawahi kuona tope zuri kama lile. Nilimwita yule wa "hili ni lako" aje alione tena.

Wakati huo huo Bwana Mkubwa wa reli akaleta neno kutoka Dodoma, akiuliza kwa nini mtambo umesimama. Nyapara aliogopa. Bwana Fundi alikuwa bado anaweweseka. Nyapara akaja kwangu akaniambia nipime, na tope likiwa sawa tuendelee.

Nikapima. Kopo la tope likapanda juu.

Naomba msomaji anitazame nilivyosimama pale. Mbele yangu fimbo inaniambia tope ni jepesi. Mkononi tope linaniambia ni zito, nene, limeshika, kazi ya fundi. Nikaifikiria fimbo. Ni mti tu, nikasema, na mti ukikaa juani unapinda. Basi nikaisogeza ile kamba ya katikati kidogo upande mmoja. Fimbo haikulala. Nikaisogeza tena. Sasa ikalala sawasawa, nikaona kwamba nimeitengeneza.

"Iko sawa?" nyapara aliuliza.

"Sasa iko sawa," nilisema.

Watu wakashika mipini. Meno yalitafuna asubuhi yote, na kabla ya adhuhuri mabomba yakaruka chini kwa ghafla kiasi cha kiganja. Mwamba ulikuwa umetoboka. Watu wakashangilia. Mimi nikapanda kwenye ukingo wa mfereji nipate kuonekana vizuri.

Kwanza tope likaanza kurudi kwa wingi kuliko lilivyopelekwa. Shimo langu likajaa, likafurika, likanifika miguuni. Watu walikuwa wameacha kupampu, na bado lilikuwa linakuja. Nyapara aliuliza, "Linatoka wapi hili?" na kabla sijamjibu, ardhi ikakohoa. Tope lote lililokuwa ndani ya kile kitundu likaruka hewani juu ya ile miti mitatu, likatulia huko kidogo, likashuka. Lilinishukia mimi. Lilifuatwa na maji na mchanga na mawe, vikija kwa nguvu, na kila mtu akakimbia isipokuwa mimi, si kwa ushujaa, bali kwa sababu macho yangu yalikuwa yamejaa mavi ya ng'ombe.

Bwana Fundi alitoka hemani amejifunga blanketi, anatetemeka. Alitazama maji. Alilijaza kopo kwa tope lililobaki shimoni, akairudisha kamba katikati ya fimbo, na kopo likapanda kama lililo tupu. Akachovya kidole, akanusa.

"Ng'ombe?" aliuliza.

"Ndiyo, bwana."

"Ng'ombe," alirudia, safari hii akijiambia mwenyewe. Kisha akanieleza kwa sauti ya chini, sauti iliyoniogopesha kuliko kelele, kwamba samadi ilikuwa imechacha ndani ya tope, ikalijaza hewa, na kwamba nilichoweka juu ya chungu badala ya jiwe ni povu. Unene na uzito ni vitu viwili, alisema. Nilingoja aseme lililobaki. Kila mtu pale alikuwa ameshaona kiboko kikitumika kwa makosa madogo kuliko hilo.

"Kesho viboko," alisema. "Leo tope."

Kesho hiyo haikufika, kwa kuwa homa ilimrudia na baadaye kazi ikamsahaulisha. Nyapara ndiye aliyeitunza kesho hiyo. Miaka mingi baadaye akikutana nami sokoni aliniuliza kama kesho yangu imeshafika.

Baba mkwe alikuja kutazama. Alisimama mbali na yale maji machafu yaliyokuwa yanarusha mchanga na samadi, samadi ya ng'ombe wake mwenyewe, akayatazama kwa muda. "Hayo si maji," alisema. "Huko ni kuhara." Akageuka. Jioni mke wangu akaniambia kwamba mtoni mchanga umeanza kuporomokea ndani ya visima, na kwamba baba yake ametoa neno: ng'ombe wataondoka keshokutwa asubuhi. Alikuwa anafunga vyombo vyake wakati anasema. Nilitaka kumwambia asiende, lakini nikamweleza kwa urefu habari ya povu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kufunga.

Tulifanya kazi siku ile na iliyofuata kama watu waliofiwa. Lile tope la samadi lilimwagwa lote, tena kwa mikono yangu. Udongo mpya wa kichuguu ukaletwa, na wanawake wakasaga mchanga mweusi pale pale kituoni, mama mkwe akiwa ameketi amenipa mgongo na mimi nimempa mgongo, tukizungumza kwa kupitia nyapara aliyesema hajawahi kuona msafara wa maneno mafupi namna hiyo. Nilipima kila ndoo. Fimbo sikuigusa. Tope likasukumwa polepole kupita kwenye mabomba, na lilipokuwa linapanda, yale maji yaliyokuwa yanaruka yakashuka, yakawa yanachemka tu, yakanyamaza. Sijasikia ukimya mtamu kama ule.

Hapo mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeona madhara ya wepesi, nikataka kutia unga mweusi zaidi, na zaidi, tuwe salama kabisa. Bwana Fundi alinishika mkono wenye kikapu. "Unataka kuyazika?" aliuliza. Nikakumbuka ile mishipa ya maji. Yaani mimi sikuwa na kipimo cha kati. Nilikuwa na povu au nilikuwa na kaburi. Nikaweka kikapu chini. Bomba pana likateremshwa, udongo ukashindiliwa kando yake, na alfajiri ya siku ya kuhama tukaanza kulipunguza tope uzito, ndoo moja ya maji, kisha nyingine, tukipima kila mara. Jua lilipochomoza, kitu kikatikisika ndani ya bomba. Maji yakafika mdomoni mwa bomba, yakasimama hapo kama yanayobisha hodi, yakamwagika. Yalikuwa na rangi ya udongo kwanza, kisha yakatakata. Nyapara aliyaonja akasema Alhamdulillahi. Mimi niliyaonja nikaanza kulia, na nikawaambia watu kwamba ni mchanga umeniingia jichoni.

Nilijaza kibuyu nikakimbia. Kundi lilikuwa limeshaondoka. Nilifuata vumbi lake kwenye njia ya kaskazini, nimekaukiwa na tope mwili mzima, kila nikikimbia linapasuka na kudondoka vipande. Nikawakuta wamesimama kungoja ndama waliochoka. Baba mkwe alikuwa mbele, ameegemea mkuki wake.

"Mbukwa, baba," nilimsalimu, na pumzi sina.

"Mbukwa, mkwe. Umekuja na nini?"

Nikampa kibuyu. Alikunywa funda la kwanza akalitema chini. La pili akalimeza. Akatazama nyuma tulikotoka, akatazama ng'ombe wake, mbavu zao zikihesabika.

"Pampu?"

"Wanaing'oa mtoni. Nimewaacha wanafungua misumari."

Akawapigia mluzi watu wake, na ng'ombe wakaanza kugeuzwa. Nilicheka kwa sauti. Nikamshukuru, nikaanza kumweleza habari za jiwe na kifuniko, naye akaninyamazisha kwa mkono.

"Ng'ombe nimewageuza, ni wangu," alisema. "Binti yangu ni mke wako. Yeye kamwulize mwenyewe."

Mke wangu alikuwa nyuma na wanawake, na mtungi wa maji ya safari kichwani. Wenzake walisogea pembeni, si mbali, waweze kusikia. Nilimwambia maji yametoka. Nilimwambia ni matamu, yanapanda yenyewe, na mwaka huu hakuna wa kuhama. Nikamweleza jinsi nilivyopima kila ndoo. Alinisikiliza, na uso wake haukubadilika.

"Tangu umeanza kazi hiyo," alisema, "umeniambia uzito wa tope asubuhi, na uzito wa tope jioni. Mimi nilikuwa natoka kitandani giza bado lipo nikapange foleni mtoni, narudi jua liko utosini. Umewahi kuuinua mtungi huu?"

Sikuwa nimewahi. Aliutua kwa taratibu, akauweka chini mbele yangu, akasimama kando. Nikainama nikauinua, na mgongo wangu ukaniambia jambo ambalo kichwa hakikuwa kimelijua. Nilisimama nao kifuani, sijui niupeleke wapi, kwani mwanamume wa kwetu habebi mtungi kichwani. Kisha nikaona kwamba nikiurudisha chini, yeye ataubeba kuelekea Haneti. Nikaukweza kichwani. Kicheko kilichopigwa hapo nafikiri kilisikika mpaka Mvumi.

"Twende nyumbani," nilisema, shingo imekakamaa. "Nakuomba."

Hakusema ndiyo. Alitangulia, kwenye njia ya kurudi, nami nikamfuata nikipepesuka, maji yakinimwagikia usoni na mabegani na kuyeyusha tope lililokauka, hivi kwamba kila niliyepishana naye alikutana na mtu mwenye milia. Nilipumzika mara nyingi. Hakuniharakisha wala hakunipokea. Tulipofika mlangoni aliusaidia mtungi kushuka, akachungulia ndani. Ulikuwa umebaki nusu, pengine haikufika.

"Yatatosha uji," alisema, akaanza kufungua vyombo vyake. Kisha, akiwa amenigeuzia mgongo, akaongeza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi hufika nayo yote."